Kutoka Picha Mnato hadi Usambazaji wa Filamu: Mwongozo kwa Mpiga Picha Anayetaka Kumiliki na Kuuza Kazi Zake

Maswali ya wapiga picha wanaotaka kuingia katika filamu huwa yale yale: ninunue kamera gani, nimpate wapi msambazaji, nifungue chaneli mtandaoni au nisubiri tamasha? Ni wachache mno wanaoanza kwa kuuliza nani atamiliki kazi hiyo itakapokamilika, ilhali hilo ndilo swali linaloamua kama kupiga picha, kusambaza filamu na kuendesha biashara ya maudhui ya kidijitali zitakuwa kazi moja inayokua au vibarua vitatu visivyojuana. Anayeuza picha, anayemkabidhi msambazaji filamu na anayepokea mapato ya matangazo mtandaoni wote wanauza kitu kimoja, yaani ruhusa ya kutumia kazi. Usichokimiliki huwezi kukitolea ruhusa, na usichoweza kuthibitisha kwa maandishi kwamba ni chako, mnunuzi makini hatakigusa.

Wapiga picha walilitambua jambo hili zamani. Mwaka 1947 Robert Capa, Henri Cartier-Bresson, George Rodger, David Seymour na wenzao walianzisha Magnum Photos wakishikilia kwamba hakimiliki ya picha ibaki kwa aliyeipiga, si kwa jarida lililoichapisha, hivyo picha moja ikaweza kuuzwa tena na tena katika nchi mbalimbali. Agnès Varda, aliyeanza kama mpiga picha wa ukumbi wa maigizo nchini Ufaransa, aliunda kampuni yake mwaka 1954 ili atengeneze filamu yake ya kwanza, na kampuni hiyo ndiyo iliyokuja kushika na kusambaza kazi zake. Mwongozo huu unafuata njia hiyo kwa hatua, kwa mtu ambaye tayari anajua kupiga picha na sasa anataka kutengeneza filamu fupi au ya hali halisi, aisambaze, na aishi kwa mapato yake.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kamera inayorekodi video angalau kwa pikseli 1920 kwa 1080, na kinasa sauti kilicho tofauti na maikrofoni iliyo ndani ya kamera.
- Diski mbili za nje, pamoja na nafasi ya hifadhi mtandaoni.
- Programu ya kuhariri video, na programu ya kupanga picha inayoweza kuandika metadata, yaani maelezo kuhusu picha, ndani ya faili.
- Fomu za ridhaa zilizokwisha kuchapishwa, za watu na za mahali pa kurekodia, katika lugha wanayoielewa watakaozitia saini.
- Akaunti ya benki ya biashara iliyotengwa na fedha zako binafsi.
- Mwanasheria anayejua hakimiliki, ambaye unaweza kumlipa walau kwa kusoma mkataba mmoja. Kama fedha hazitoshi kwa yote, afadhali upunguze gharama ya lenzi kuliko ya mtu huyu.

Hatua ya 1: Panga hifadhi kabla ya kuijaza

Kila faili lipewe jina lenye tarehe, mradi na nambari, kwa mpangilio usiobadilika: mwaka, mwezi, siku, kisha jina fupi la mradi, kisha nambari yenye tarakimu nne. Faili liitwalo 20240617_wavuvi_0043 litapatikana hata baada ya miaka ishirini, lakini lile liitwalo "mwisho_mpya_kabisa2" halitapatikana hata mwezi ujao.

Kisha jaza sehemu za metadata za mfumo wa IPTC, ambao ndio unaotumiwa na magazeti na mashirika ya picha: jina la mpiga picha, tamko la hakimiliki, njia ya kuwasiliana nawe, na maelezo ya picha. Maelezo yajibu nani, anafanya nini, wapi na lini. "Mvuvi akiwa kazini" si maelezo. "Mvuvi anashona wavu uliochanika asubuhi baada ya usiku wa upepo mkali," ikifuatiwa na mahali na tarehe, ni maelezo yanayouzika, kwa sababu mhariri anayetafuta picha ya upepo, ya wavu au ya ushonaji ataikuta.

Hifadhi kwa kanuni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati yake iwe mahali pengine kabisa. Diski mbili zilizo katika begi moja huibwa pamoja.

Hatua ya 2: Chukua ruhusa siku ile ile ya kurekodi

Hatua hii huwakwamisha wapiga picha wengi kwa sababu mazoea yao ni tofauti. Katika picha za habari, mtu aliye mahali pa wazi mara nyingi huweza kupigwa na kuchapishwa bila fomu, kwa kutegemea sheria za nchi husika. Filamu inayouzwa haiko hivyo. Msambazaji ataomba ridhaa ya maandishi ya kila mtu anayetambulika na kuzungumza, na atauliza juu ya kila kitu kilicholindwa kinachoonekana au kusikika katika fremu.

Kusanya mambo yafuatayo kabla hujaondoka mahali ulipo:

- Ridhaa iliyotiwa saini na kila mshiriki, inayotaja filamu, picha mnato, matangazo na matumizi ya mtandaoni. Fomu inayotaja "video" peke yake haikuruhusu kuweka uso wa mtu huyo kwenye bango.
- Ridhaa ya mzazi au mlezi kwa kila mtoto.
- Ruhusa ya mwenye jengo au eneo.
- Mkataba na kila aliyefanya kazi nawe, akiwemo rafiki aliyeshika kamera ya pili, unaokuhamishia haki za alichokifanya.

Jambo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao leo unafuatwa na sehemu kubwa ya dunia, hakimiliki huzaliwa pamoja na kazi yenyewe bila kusajiliwa. Ulinzi huo unakufaa wewe, lakini unamfaa pia rafiki yako aliyerekodi vipande kumi vya sekunde chache kwa kamera ya pili, na vile ni vyake hadi atakapokuandikia vinginevyo, isipokuwa pale sheria ya nchi inapoeleza tofauti.

Tahadhari kuhusu muziki: wimbo mmoja una haki mbili, ya utunzi na ya rekodi, na mara nyingi haki hizo ziko kwa watu tofauti. Ruhusa ya mwimbaji aliyekuambia kwa mdomo "tumia tu" haitoshi kama rekodi ni ya kampuni na utunzi ni wa mtu mwingine. Redio inayolia nyuma ya mahojiano nayo ni muziki. Izimeni kwanza, kisha rekodini, kwa kuwa kuuondoa wimbo uliokwisha kuchanganyika na sauti ya mtu ni kazi ngumu na matokeo yake hayapendezi.

Hatua ya 3: Piga picha mnato za filamu yenyewe

Hapa mpiga picha ana faida ambayo watengenezaji filamu wengi hawana, na inasikitisha kuona anavyoiacha. Matamasha, magazeti na majukwaa huomba picha mnato zenye ubora wa kuchapishwa. Wengi hudhani watazikata kutoka kwenye video. Hebu tupige hesabu: fremu ya 1920 kwa 1080 ina pikseli takriban milioni mbili tu, na ikichapishwa kwa nukta 300 kwa inchi itatoa picha yenye upana wa sentimita 16 hivi. Ukurasa mzima wa A4 kwa ubora huo unahitaji pikseli 2480 kwa 3508.

Kwa hiyo tenga muda katika kila siku ya kurekodi, ambapo kamera ya video imesimama na wewe unapiga picha za wahusika katika mwanga ule ule na mavazi yale yale. Piga picha zenye umbo la kulala (pana) na zenye umbo la kusimama (ndefu), na katika baadhi yake acha nafasi tupu juu au pembeni kwa ajili ya maandishi ya bango. Toa nakala mbili za kila picha uliyoichagua, moja kubwa ya kuchapisha na moja ndogo ya mtandaoni katika mfumo wa rangi wa sRGB. Picha iliyotumwa mtandaoni katika mfumo mwingine mpana zaidi huweza kuonekana imepauka kwenye vifaa visivyousoma vizuri.

Hatua ya 4: Fungua jalada la umiliki

Jalada hili ni mlolongo wa karatasi unaoonyesha jinsi kila haki ilivyofika kwako: mkataba wa hadithi au wazo, mikataba ya wafanyakazi, ridhaa za washiriki, leseni za muziki, leseni za picha na video za kale ulizotumia, na orodha ya muziki inayotaja kila wimbo, watunzi wake na muda uliosikika. Changanua kila karatasi na uweke nakala pale pale zilipo faili za filamu. Baadhi ya wasambazaji na vituo vya televisheni hudai pia bima ya kuwakinga dhidi ya madai ya hakimiliki na kashfa, na kampuni ya bima nayo itaanza kwa kuliomba jalada hili.

Hatua ya 5: Andaa faili kuu na vifaa vya kukabidhi

Chagua kasi ya fremu kabla ya kurekodi, iwe 24 au 25 kwa sekunde, na usiibadilishe njiani. Kwa maonyesho ya sinema utahitaji kifurushi cha faili za kuonyeshea kumbini kiitwacho DCP, ambacho kwa ukubwa wa 2K huwa na pikseli 1998 kwa 1080 katika umbo la kawaida, au 2048 kwa 858 katika umbo pana. Kwa televisheni na majukwaa utahitaji faili kuu lisilobanwa sana, si lile dogo ulilowatumia marafiki.

Andaa sauti katika sehemu zilizotengana: mazungumzo peke yake, muziki peke yake, na milio peke yake. Bila mgawanyo huo filamu haiwezi kuingizwa sauti za lugha nyingine, na mnunuzi wa nchi ya mbali atakata tamaa mapema. Pima pia kiwango cha sauti, kwani vituo vingi vya Ulaya hufuata kiwango cha −23 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) na vya Marekani −24, na faili lililopita kiwango hurudishwa hata kama picha zake ni nzuri kupindukia.

Manukuu yawe katika faili la peke yake. Ukiyachoma ndani ya picha, umelifungia faili lako katika lugha moja.

Hatua ya 6: Panga utaratibu wa kuonyesha

Filamu hupita katika madirisha, yaani vipindi vya kuonyeshwa kwa njia moja kabla ya nyingine, na dirisha lililofunguliwa mapema mno huweza kufunga mengine. Utaratibu wa kawaida ni tamasha, kisha kumbi za sinema au maonyesho ya taasisi, kisha kukodisha na kununua mtandaoni, kisha majukwaa ya kulipia kwa mwezi na televisheni, na mwisho kutazama bure kwa matangazo. Filamu ndogo si lazima ipite kote. Kitu cha lazima ni kujua kwamba matamasha mengi makubwa hudai filamu isiwe imeonyeshwa hadharani kabla, hivyo kuiweka yote mtandaoni bure "ili watu waione" kabla ya kutuma maombi ni kujitoa katika kinyang'anyiro kwa mkono wako. Kwa wachaguzi wa tamasha tuma kiungo chenye nenosiri. Kwa umma weka trela.

Hatua ya 7: Soma mkataba wa usambazaji kwa penseli mkononi

Mkataba wowote wa usambazaji unajibu maswali matano: haki zipi, katika nchi zipi, kwa muda gani, kwa upekee au la, na fedha zitashuka vipi hadi zikufikie. Maneno "haki zote, dunia nzima, milele" yanamaanisha kwamba umeiuza filamu, kwa hiyo bei yake iwe bei ya kuuza. Msambazaji mwenye wateja katika nchi tatu pekee hana sababu ya kushika dunia nzima. Mpe hizo tatu.

Swali la tano ndilo linaloumiza wengi, na linaeleweka vyema kwa tarakimu. Tuseme watazamaji wamelipa 10,000 kwa sarafu yoyote ile. Jukwaa linachukua asilimia 30, zinabaki 7,000. Msambazaji anachukua asilimia 25 ya kilichobaki, yaani 1,750, zinabaki 5,250. Kisha anarudisha gharama zake za matangazo, nakala na safari za masokoni. Kama mkataba umeweka kikomo cha gharama hizo kuwa 3,000, wewe unapata 2,250. Kama haukuweka kikomo na gharama zimeandikwa 5,250, unapata sifuri, na hakuna aliyevunja mkataba. Kwa hiyo dai mambo manne kwa maandishi: kikomo cha gharama, idhini yako kabla hazijapita kiwango fulani, taarifa za mapato kila baada ya miezi mitatu au sita pamoja na haki ya kukagua vitabu, na kipengele kinachokurudishia haki zako iwapo msambazaji atafilisika au atakaa muda mliokubaliana bila kuitoa filamu.

Tahadhari: haki za picha mnato, za sehemu za video ambazo hazikuingia katika filamu, na za kutengeneza filamu nyingine kutokana na hii, zitajwe waziwazi kwamba zinabaki kwako. Zisipotajwa, maneno mapana ya mkataba huweza kuzimeza, na hizo ndizo malighafi ya hatua inayofuata.

Hatua ya 8: Jenga biashara ya kidijitali juu ya kile ulichokwisha kumiliki

Filamu moja ya dakika hamsini huacha nyuma saa nyingi za video zisizotumika, mamia ya picha na mahojiano marefu. Hiyo ndiyo ghala yako. Itumie katika njia tatu zinazosaidiana: leseni za picha kwa wahariri na wachapishaji, leseni za vipande vya video kwa watengenezaji wengine, na mfululizo wa video fupi katika chaneli yako, mradi hauingiliani na upekee uliompa msambazaji.

Kila leseni iandike matumizi, chombo, eneo, muda na bei. "Picha moja, toleo moja la jarida, nchi moja, mwaka mmoja" ni leseni. "Tumia upendavyo" ni zawadi, na zawadi itolewe kwa kukusudia.

Kuhusu mapato ya matangazo, yachukue kama nyongeza. YouTube, kwa mfano, huwa na masharti ya wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12, au mara milioni 10 za kutazamwa kwa video fupi katika siku 90, kabla ya kukugawia mapato ya matangazo, na jukwaa lolote linaweza kubadili masharti yake bila kukuuliza. Tangu siku ya kwanza kusanya anwani za barua pepe za watazamaji wanaokuridhia, kwa sababu orodha hiyo ni yako na hakuna jukwaa linaloweza kuifunga.

Hatua ya 9: Weka daftari la haki

Jedwali moja linatosha: kazi, haki iliyotolewa, kwa nani, wapi, inaanza lini, inakwisha lini, imelipwa kiasi gani. Lipitie kila mwezi. Leseni iliyokwisha muda ni mazungumzo mapya ya bei.

Mambo yakikwama

*Manukuu yanaanza sawa kisha yanaachana na sauti.* Karibu kila mara chanzo ni kasi ya fremu. Filamu ya dakika 60 iliyorekodiwa kwa fremu 24 ikiendeshwa kwa 25 inakwisha kwa dakika 57 na sekunde 36, hivyo manukuu ya toleo moja yatakuwa nyuma au mbele ya lingine kwa zaidi ya dakika mbili ifikapo mwisho. Usisogeze mistari mmoja mmoja. Badilisha kasi ya faili zima la manukuu. Kama tofauti ni ile ile tangu mwanzo hadi mwisho, basi tatizo ni mahali pa kuanzia, na kulisogeza faili zima mara moja kunatosha.

*Jukwaa limelikataa faili.* Soma taarifa ya kukataliwa kabla ya kutuma tena. Kagua kwa mpangilio huu: ukubwa wa fremu, mistari myeusi pembeni, kiwango cha sauti, mpangilio wa njia za sauti, na sekunde tupu mwanzoni na mwishoni.

*Filamu yako mwenyewe imedaiwa na mtu mwingine mtandaoni.* Mara nyingi mfumo wa utambuzi umeukuta muziki uliokuwa na leseni. Toa leseni kutoka kwenye jalada, taja wimbo, tarehe na nambari ya leseni, kisha pinga dai kwa njia rasmi ya jukwaa. Usiifute video na kuipakia upya, kwa maana utapoteza idadi ya watazamaji na dai litarudi.

*Picha yako imetumiwa bila ruhusa.* Kwanza piga picha ya skrini inayoonyesha ukurasa mzima, anwani yake na tarehe. Kisha tafuta faili lako la asili lenye metadata kamili, kwa kuwa mitandao mingi ya kijamii huondoa metadata na nakala iliyoko huko haithibitishi kitu. Mwandikie mtumiaji kwa heshima ukimpa ankara ya matumizi aliyokwisha kuyafanya, na umwekee siku ya mwisho ya kujibu. Asipojibu, tuma ombi la kuondolewa kwa kampuni inayohifadhi tovuti hiyo, kisha mkabidhi mwanasheria.

*Msambazaji ameacha kutuma taarifa.* Barua ya kwanza inukuu kipengele cha mkataba na tarehe zilizopita. Ya pili itumie haki ya ukaguzi. Ya tatu iandikwe na mwanasheria na itaje kipengele cha kurudishiwa haki. Wakati huo wote usimpe msambazaji mwingine filamu hiyo kwa eneo lile lile, hata kama una hakika kwamba wa kwanza amekosea, kwa sababu kufanya hivyo kunakufanya wewe kuwa uliyevunja mkataba.

*Mshiriki ameomba aondolewe baada ya filamu kukamilika.* Fomu iliyotiwa saini mara nyingi inakulinda kisheria, lakini msikilize kabla ya kuitaja. Kama hofu yake ni ya usalama, ficha uso wake na ubadilishe sauti katika toleo jipya, mwandikie msambazaji kwamba toleo la zamani liondolewe, na ubadilishe pia trela, bango na picha mnato zote alimoonekana, kwa kuwa mara nyingi hizo ndizo zinazosahaulika.